Kamba ya Kidevu

Jumapili, 25 Agosti 1974, Arua

Mimi Asuman, askari ya zamani, niko na miaka sitini na tisa, na bado natafuna mahindi ya kuchoma kwa meno yangu mwenyewe. Nimepita ndui. Nimepita malale. Nimepita nzige, nimepita Wajapani kule Burma katika bonde ya Kabaw, nimepita wake wawili, Mungu awarehemu, na nimepita daktari mmoja Mzungu aliyesema mwaka 1951 kwamba ini yangu haitamaliza mvua. Yeye ndiye hakumaliza. Nilikuwa koplo, sajenti ningekuwa kama si wivu ya watu. Kusoma nilijifunza jeshini, kidogo tu, kwa hiyo mwandiko yangu inatembea kama bata. Lakini inafika.

Naandika kwa sababu leo mtoto ya jirani ameanguka, na watu ya hapa wanasahau upesi.

Jirani ni Anguyo, Mlugbara ya Ombaci, fundi ya matofali. Mtoto yake Ocama alipanda baiskeli ya mti. Hii baiskeli watoto wanachonga wenyewe: ubao moja, usukani, magurudumu mbili ya mti, na oili chafu ya lori wanapaka ili ziteleze. Pedeli hakuna. Breki hakuna. Watoto ya huku Ayivu wanabebea muhogo mpaka soko, na muhogo ikiisha wanapanda wao. Barabara yetu inashuka kutoka msikiti mpaka kalavati, ile bomba ya saruji ambayo mto inapita ndani yake chini ya barabara. Ocama alishuka kama jiwe, akapiga kichwa saruji. Damu ilitoka sikioni. Wamempeleka hospitali.

Nilimwambia Anguyo mbele ya watu: "Wewe ni baba gani? Mtoto anacheza na kifo, wewe unapanga matofali."

Alikuwa ameshika kiatu moja ya mtoto. Watu ya namna hii wanakosa nidhamu.

26 Agosti

Mvua.

2 Septemba

Ocama amerudi nyumbani. Anatembea. Hasemi. Anaangalia mkono yake kama mkono ya mtu mwingine.

4 Septemba

Mjukuu yangu Hajara anakaa na sisi kwa ajili ya shule. Ni mtoto ya Tahiru, kijana yangu, dereva ya lori Koboko. Umri yake miaka kumi, kichwa ngumu, na hiyo hakuichukua kwa mama yake. Leo nimemkuta juu ya ile kilima, ameshika baiskeli ya mti, yeye na Driciru, dada ya huyu huyu Ocama.

"Hajara, Ocama umemwona?"

"Nimemwona, Jidi." Jidi ni babu kwa Kinubi chetu.

"Sasa?"

"Ocama hakujua kukata kona."

Driciru akaongeza, na yule mtoto hana aibu: "Mzee, ukitufukuza hapa tutaenda barabara kubwa, kule kwa lori ya jeshi."

Nimewaza njia nzima. Ukimkataza mbuzi uwanja, anakula paa ya nyumba. Askari hapana kukataza vita. Askari anavaa kofia.

5 Septemba

Kofia yangu ya chuma ya Burma, Kulusum mke yangu alikuwa ananyweshea bata. Miaka yote hiyo! Nimemwaga maji, nimemvalisha Hajara. Kichwa imepotea ndani, ikabaki kidevu. Akatembea hatua kidogo akagonga mlango. Bata wamenifuata mchana yote wakilia. Nimewarudishia.

9 Septemba

Nimepata. Kibuyu! Nilipanda lori mpaka soko ya Inde, kwa sababu vibuyu ya kule iko nene. Unakata nusu, unaacha nafasi ya masikio. Ndani unaweka pamba, juu ya pamba blanketi ya zamani, unashona. Nje ngozi ya mbuzi. Hakuna mtu Arua aliyewahi kufikiri hivyo, na sidhani Kampala.

Kujaribu, nilifunga papai ndani yake, nikapanda ngazi, nikaangusha kutoka paa. Kibuyu ilipasuka. Papai salama, hata alama hakuna. Nikaita watu waone.

Kulusum akasema, "Baba Tahiru, papai haina shingo."

Wanawake wanapenda kuharibu.

13 Septemba

Vibuyu saba tayari. Nimechukua amri ya kilima. Asubuhi shule, mchana, baada ya sala ya alasiri, watoto wanapanga mstari juu, Wanubi na Walugbara pamoja, na mimi napita nakagua. Amri ni hizi. Mtoto anashuka peke yake, wawili hapana. Mmoja anasimama chini kwa kalavati na kitambaa nyekundu. Lori ikionekana anapepea, na kilima yote inasimama. Mawe inaondolewa kila siku kabla ya kucheza. Hakuna kibuyu, hakuna kushuka.

Na kamba ya kidevu sikuweka, hapana funga.

Hii nimewaeleza vizuri, kwa sababu niliona kwa macho. Burma, mtu akifunga kamba ya kofia chini ya kidevu, bomu ikipasuka upepo yake inaingia ndani ya kofia, inavuta kichwa kama mtu anang'oa muhogo. Shingo inavunjika. Yakubu, rafiki yangu, alikuwa mtoto ya Koboko. Tulimkuta amekaa chini ya mti, mzima kabisa, jeraha hakuna, tone ya damu hakuna. Amekufa. Kamba yake ilikuwa imefungwa. Tangu siku hiyo kamba yangu haikufungwa tena, na mimi niko hapa naandika, Yakubu hayuko.

Watoto walisogea karibu. Wanapenda habari ya Yakubu.

16 Septemba

Kuna nesi ya zahanati, Candiru, msichana ya Kilugbara, anapita kilima na baiskeli yake ya chuma. Alisimama, akashika kibuyu, akaigeuza, akaibonyeza pamba.

"Mzee, hii kitu ni nzuri sana. Nani alikufundisha?"

"Simba anafundishwa kunguruma?"

Akacheka. Kisha akatia kidole mahali pa kidevu. "Kamba iko wapi?"

Nikamwambia Burma. Alisikiliza mpaka mwisho, hiyo nakubali. Halafu akasema, "Kwa heshima, Mzee, kofia bila kamba ni sufuria ya kubeba kichwani. Mtoto akianguka, sufuria inakwenda huko, mtoto huku."

"Wewe ulizaliwa mwaka gani?"

"Arobaini na nane."

"Vita iliisha arobaini na tano. Nyamaza."

17 Septemba

Mwezi imeonekana jana. Tunafunga.

18 Septemba

Mvua. Kilima imefungwa.

19 Septemba

Mvua. Watoto wamegombana, kwa sababu hakuna mchezo. Mimi pia.

21 Septemba

Jua. Maji imekata mfereji katikati ya barabara, kutoka juu mpaka karibu ya kalavati. Gurudumu ya mti ikiingia pale haitoki. Tumejaza na udongo, tumekanyaga. Watoto wameshuka wote, hakuna aliyeumia. Kama Anguyo angekuwa na mtu kama mimi mwezi ya nane, Ocama angekuwa anaimba.

24 Septemba

Mvua imetoa udongo yetu yote. Tumejaza tena.

27 Septemba

Leo imetokea kitu kidogo. Naandika kwa sababu watu wataongeza chumvi.

Driciru alishuka, gurudumu ikaingia mfereji, akaruka juu ya usukani. Kibuyu ilimtoka hewani, ikaenda yake peke yake mpaka kwenye muhogo ya watu. Yeye akaangukia paji ya uso. Candiru amemshona pale zahanati, na Driciru hakulia, anapenda sana kuonyesha uzi.

Nilisema: kibuyu ilikuwa kubwa kwake. Hiyo ndiyo sababu.

Candiru alikuja nyumbani na mpira ya tyubu ya baiskeli, ameikata vipande. Alisalimu Kulusum, akanisalimu mimi, akaangusha sindano ya kushonea mbele ya miguu yangu, na watoto wako pale.

"Mzee, vaa kibuyu. Niokotee hiyo sindano."

Nikavaa. Nikainama. Kibuyu ikaanguka, ikazunguka, ikasimama kwa miguu ya bata.

Watoto walicheka. Hajara aliziba mdomo kwa mikono miwili lakini mabega ilikuwa inacheka. Kulusum aliingia jikoni haraka, nikamsikia kule ndani.

"Toka," nilimwambia Candiru. Nimefunga tangu alfajiri, koo imekauka, na msichana ya juzi ananifanya kichekesho kwa uwanja yangu. "Toka na tyubu yako."

Alitoka. Tyubu aliacha juu ya mawe ya kufulia.

30 Septemba

Mvua usiku yote. Mfereji iko pana sasa, mtu anaweza kulala ndani.

3 Oktoba

Mama wa watoto wameshona ile tyubu ndani ya vibuyu. Nyuma yangu! Hata Kulusum ameshona ya Hajara. Nikimuuliza anasema, "Ni urembo tu, Baba Tahiru." Basi tyubu ibaki, inaning'inia kama masikio ya mbuzi. Kufunga, hapana. Sasa juu ya kilima napitisha kidole chini ya kila kidevu kabla ya kushuka. Nikikuta imefungwa, mtoto anakaa nje mpaka kesho.

5 Oktoba

Nimekuta wawili. Wamekaa nje.

6 Oktoba

Leo sikukuta. Lakini nilijificha nyuma ya ukuta ya msikiti: wakinipita tu wanafunga, wakifika chini wanafungua. Mimi askari, naonewa na watoto wa darasa ya tatu.

Hajara hakufunga. Hajara peke yake. Nilimpa tende moja ya futari kabla ya wengine.

10 Oktoba

Anguyo alikuja. Hakukaa mpaka nilipomwambia akae.

"Mzee Asuman, naomba ufunge kilima. Mvua hii si ya mchezo. Driciru nimemkataza mara ngapi, anasema Mzee yuko pale."

"Na mimi niko pale! Wewe ulikuwa wapi wakati ya Ocama?"

Nilitaka akasirike, ningejua la kufanya. Aliangalia mikono yake, iko na ufa ufa ya udongo.

"Nilikuwa natengeneza matofali," akasema. "Ulisema kweli siku ile. Mimi sikuja kugombana, Mzee. Jana Ocama amesema neno. Amesema maji. Tangu mwezi ya nane, neno ya kwanza. Nilitoka nje nikalia, sasa nashindwa kumwambia nani."

Akaenda. Sijui kwa nini aliniambia mimi.

13 Oktoba

Dereva moja ya Koboko ameleta habari: Tahiru anakuja Iddi. Amesikia ya baiskeli. Anasema akimkuta Hajara juu ya kile kitu anarudi naye Koboko siku hiyo hiyo.

Hajara ameuliza, "Jidi, nifiche baiskeli?"

Nikamwambia, "Sisi hatufichi. Baba yako atakuja kuona gwaride, atapiga saluti mwenyewe."

15 Oktoba

Mvua. Mvua. Mvua.

16 Oktoba

Kesho Iddi. Asubuhi tumejaza mfereji mara ya mwisho kwa mawe na udongo. Jioni imenyesha kidogo.

Alhamisi, 17 Oktoba. Iddi

Naandika hospitali, juu ya benchi, penseli ya Candiru.

Asubuhi ilikuwa nzuri. Tulisali uwanjani, nguo nyeupe, ubani, mvua ilitusubiri. Hajara alivaa gauni ya kijani na kibuyu juu ya shela yake mpya. Watoto walikuja wengi, hata wa Ombaci wasiofunga, kwa sababu pilau haina dini. Tahiru hakuwa amefika. Lori yake ilikuwa njiani, na mimi nilitaka akifika akute kitu ya kuona. Kwa hiyo nilivunja amri yangu. Nilisema: leo ni sikukuu, mnashuka wawili wawili, mashindano.

Ya kwanza, Hajara na Driciru.

Nikapita na kidole. Driciru amefunga. Hajara naye amefunga. Hajara!

"Nani amekuambia?"

"Barabara imelowa, Jidi. Haboba amesema leo nifunge." Haboba ni bibi, ni Kulusum.

"Fungueni wote wawili."

Driciru akanitazama, kovu bado iko mbichi kwenye paji yake. "Mzee, mimi sifungui."

"Unasema nini?"

"Mimi nimeshaanguka, Mzee. Wewe bado."

Nikamwambia, "Wewe ni mtoto ya watu, sina nguvu kwako." Nikageuka kwa Hajara, kwa sababu kwake niko na nguvu. Nilinyoosha kidole tu.

Akamwangalia Driciru. Akaniangalia mimi. Akafungua. "Ndiyo, Jidi," akasema, na alikunja tyubu ndani vizuri, isining'inie, kwa sababu sipendi ikining'inia.

Nikapiga filimbi.

Walishuka sambamba, gauni ya kijani na gauni ya njano, watoto wanapiga kelele. Karibu ya chini udongo tuliojaza ulikuwa umelegea. Gurudumu ya Driciru ikazama, baiskeli yake ikageuka ikampiga Hajara, na wote wawili wakaruka. Niliona kibuyu ya Hajara hewani. Ilifika chini kabla yake. Yeye akafuata, saruji ile ile.

Nilikimbia. Sikujua bado naweza kukimbia. Driciru alikuwa amekaa ndani ya maji, kibuyu yake imepasuka vipande viwili juu ya kichwa, tyubu imeshika vipande vyote, analia kwa sauti kubwa. Sauti ile ilikuwa tamu, Mungu anisamehe, kwa sababu upande ya pili hakukuwa na sauti.

Damu sikioni. Sikio ya kushoto.

Anguyo ndiye alimbeba. Sijui alitoka wapi. Mimi nilikuwa nashika kiatu.

Ijumaa, 18 Oktoba

Hajafungua macho. Anapumua. Daktari anasema kusubiri. Nilimuuliza kusubiri nini, akasema kusubiri.

Tahiru alifika jana mchana, akaambiwa njiani. Alisimama mguu ya kitanda na kanzu yake ya Iddi, mimi niko upande huu, Kulusum upande ule, Driciru mlangoni na bandeji ya mkono. Aliangalia kibuyu ambayo Kulusum ameleta, nzima, haina hata ufa. Akaona tyubu imekunjwa ndani.

"Kamba ilikuwepo," akasema. "Nani alimwambia afungue?"

Driciru akaangalia sakafu. Kulusum akaangalia mtoto. Kama ningenyamaza, nadhani hakuna mtu angesema.

"Mimi."

Tahiru ni mtu mkubwa, anainua gunia ya chumvi peke yake. Nilisubiri. Alivua kofia yake ya kushonwa kwa mkono, akaikunja mara mbili, akatia mfukoni, akatoka. Hajarudi ndani nikiwemo. Nikitoka kwenda chooni, anaingia.

Jumamosi, 19 Oktoba

Hajafungua.

Anguyo amekuja na uji ya mtama na kiti yake mwenyewe, kwa sababu anajua hospitali haina kiti. Alikaa karibu yangu kama mtu aliyekaa hapo siku zote. Nilimngoja aniambie: wewe ni babu gani? Maneno yangu mwenyewe, anayo, angeyatumia tu.

Akasema, "Ongea naye, Mzee. Mimi niliongea na Ocama."

"Uliongea nini?"

"Matofali. Jinsi ya kukanyaga udongo, jinsi ya kupanga tanuru. Sina kitu ingine."

Nilijaribu. Nikafungua mdomo, ikatoka Burma. Nikafunga. Nikajaribu tena, ikatoka Yakubu. Miaka sitini na tisa, na sina hadithi ya kumpa mtoto ambayo hakuna mtu amekufa ndani. Mwisho nikamwambia habari ya bata, yupi ametaga, yupi amemwuma Kulusum. Anguyo alisaidia pale niliposahau. Tulimaliza bata wote.

Mchana Candiru alikuja kutoka zahanati kubadilisha bandeji ya Hajara. Hakusema nilikuambia. Nilikuwa nimejiandaa kwa hiyo, nilikuwa na jibu, na yeye hakusema. Basi mimi ndiye nikauliza.

"Mtu anaweza kufa na bomu bila jeraha? Mzima kabisa, amekaa chini ya mti?"

"Anaweza, Mzee. Ule upepo unapasua mapafu ndani ya kifua. Nje huoni kitu."

"Hata kama kamba ya kofia haikufungwa?"

Alikuwa anafunga bandeji, akasimamisha mkono. "Hata kama hana kofia, Mzee."

Nilitoka nje. Mvua ilikuwa inanyesha na sikuona sababu ya kujikinga.

Jumapili, 20 Oktoba

Amefungua macho! Mchana, mimi niko katikati ya habari ya bata.

Akasema, polepole kama mtu anatoka kisimani: "Jidi. Nani ameshinda?"

"Driciru."

Akafikiri. "Ameiba. Baiskeli yake ilinigonga." Akalala tena, lakini usingizi ya kweli, mdomo wazi.

Kulusum amepiga kigelegele, nesi mkubwa amemfukuza nje, amepigia huko nje.

24 Oktoba

Anakaa. Anakula. Anaitana na Driciru majina mabaya kwa Kilugbara. Tahiru na mimi tunasalimiana, salamu tu.

26 Oktoba

Leo niliingia na chungwa, nikamwita kutoka upande ya dirisha, mgongoni kwake, amelala ubavu ya kulia. "Hajara." Hakugeuka. Nikaita tena, sauti ya gwaride. Aligeuka kwa sababu Driciru, aliyekuwa upande ya pili, alimwonyesha.

Daktari amepiga uma ya chuma, ile inayolia ya kupimia kusikia, karibu ya sikio. Ya kulia inasikia. Ya kushoto hapana, na anasema haitasikia.

Nimemenya chungwa. Nimempa yote.

1 Novemba

Tahiru amemchukua Koboko. Hajara alinipungia mkono juu ya lori. Kulusum hasemi na mimi, hasemi na bata.

3 Novemba

Mvua.

4 Novemba

Watoto hawaji. Nilienda peke yangu kilima, nikaondoa mawe. Anguyo alipita na toroli ya matofali mabovu. Tuliyapanga ndani ya mfereji, tukagonga, tukajaza. Hii haitatoka na mvua. Ocama alikuja na baba yake, alinipa tofali moja kwa mkono yake, akasema, "Chukua." Nikachukua.

7 Novemba

Nimeenda zahanati. Candiru alikuwa na mstari mrefu ya mama na watoto. Nimekaa kwenye mstari kama mama. Zamu yangu ilipofika nikamwambia, "Nionyeshe kufunga."

Hakucheka. Ni lazima vidole viwili ipite kati ya kamba na kidevu: ikipita kiganja, iko huru sana, isipopita kidole, mtoto atafungua kwa sababu inamkaba. Na kamba inapita mbele na nyuma ya sikio, kama herufi ya V. Nimejifunza mara ya kwanza. Mikono yangu haijazeeka.

12 Novemba

Nimeshona. Anguyo amekata tyubu, Driciru ametoboa ngozi. Amesema mshono yangu ni ya mkulima. Nimemwambia ya kwake ni ya kuku.

Jumamosi, 16 Novemba, Koboko

Nimekuja na lori, gunia mbili ya vibuyu. Dereva alitaka kuniweka juu ya mizigo, nikamwambia mimi nilikaa mbele ya lori ya Mfalme ya Waingereza. Nikakaa juu ya mizigo.

Tahiru alikuwa anatengeneza gurudumu mbele ya nyumba. Aliona gunia. Hakusema karibu. Alifuta mikono, akapanda, akashusha gunia ya kwanza, akashusha ya pili, kisha akanishika kiwiko akanishusha mimi. Mke yake akaleta maji ya kunawa.

Koboko pia iko na mteremko, na watoto yake ni wabaya kuliko ya Arua. Walikuja kuangalia vibuyu. Hajara alikaa juu ya ukuta, kwa sababu daktari amemkataza kupanda mpaka mwaka mpya, anawaangalia kama afisa. Nimepanga mstari. Nimesema amri: mmoja mmoja, kitambaa nyekundu chini, mawe inaondolewa. Nikafika ya mwisho.

"Kamba ya kidevu. Funga!"

Hakuna aliyefunga. Kijana mmoja, mweusi kama sufuria, akasema, "Babu, Hajara ametuambia wewe ulisema kamba inang'oa shingo. Yakubu ya hapa Koboko. Kama muhogo."

Mstari yote ikaniangalia. Tahiru aliacha spana.

"Nilisema," nikamjibu. "Na Yakubu alikuwa mtu mzuri, mama yake alizikwa pale nyuma ya soko. Lakini kamba haikumwua. Niliona vibaya, na nimewaambia watu vibaya miaka yote. Burma ilikuwa na bomu. Koboko iko na mawe. Funga!"

Wakafunga. Nikapita na vidole viwili, kidevu kwa kidevu.

Haya yote ni kweli, na sikujipamba sana. Mtu akibisha, Candiru yuko zahanati, anajua siku na saa. Anguyo yuko Ombaci, hasemi sana lakini akisema imekwisha. Driciru ataeleza bure, hata usipomwuliza, na atakuonyesha paji. Na Hajara mwenyewe yuko hapa Koboko kwa baba yake. Mwulizeni yeye kwanza. Ila ukimwuliza, simama upande yake ya kulia.